Maoni ya Kihara wa Kahiga

Mwaka wa 1976 nilikuwa mwalimu wa Darasa la Tano katika shule moja hapa Ruring'u, nikifundisha hesabu na jiografia, na kila Alhamisi nilikuwa jemadari. Gazeti dogo liitwalo Mwangaza wa Mlima, lililochapishwa katika kichumba nyuma ya duka la viatu mjini Nyeri, lilikuwa na safu ya mambo ya majeshi, "Jicho la Askari", na mwenye jicho hilo nilikuwa mimi. Niliwapangia Waarabu na Waisraeli vita vyao. Nilieleza kwa nini Wareno walishindwa Angola, na kwa nini Wamarekani walikimbia Vietnam, na lau wangeniuliza mapema wangeokoa watu wengi. Hawakuniuliza.

Uaskari wenyewe? Nilikuwa Burma mwaka wa 1944, hilo ni kweli, lakini kazi yangu ilikuwa kubeba waya wa simu mgongoni nyuma ya Mzungu mmoja mwenye harara. Risasi niliyopiga kwa hasira ni moja, na ilimpata nyumbu wetu wenyewe. Hayo sikuyaandika gazetini.

Mwalimu wa serikali hakutakiwa kujitia katika siasa za magazeti, kwa hiyo Moffat, mhariri wetu, aliniambia nichague jina la kujifichia. Sikufikiri hata dakika moja. Nilichagua jina la baba yangu, Kihara wa Kahiga, aliyekufa mwaka wa hamsini na tano wakati wa Hali ya Hatari, siku za Mau Mau, mzee asiyemwogopa mtu. Nilimwambia Moffat kwamba marehemu hafukuzwi kazi. Tulicheka sana siku hiyo.

Februari mwaka huo Amin wa Uganda alidai kwamba nusu ya nchi yetu ni yake, kutoka mpakani mpaka maili ishirini tu kufika Nairobi. Watu waliogopa. Mimi nilifurahi, nisidanganye. Hatimaye vita vilikuwa vimekaribia mlango wangu na nilikuwa na la kusema. Niliandika kwamba jeshi ni tumbo na petroli, na kwamba mwenye kushika bandari ya Mombasa amemshika mtu wa Kampala kooni. Hana haja ya kupiga hata risasi, abane tu. Niliandika kwamba ndege zake za Kirusi ni mapambo ya harusi. Niliandika kwamba viongozi wetu wana miguu ya jeli. Wiki hiyo Moffat alichapisha nakala mia mbili zaidi na zote zikaisha kabla ya saa sita.

Sasa niseme juu ya mwanangu. Mimi na mke wangu Wachuka tulikuwa na watoto wanne, na wa kwanza, Peterson, alikuwa akisomea ufundi wa umeme katika chuo kimoja mjini Kampala. Alikwenda huko mwaka wa 1974, mambo yakiwa bado nafuu. Yalipoharibika tulimwandikia arudi, akajibu kwamba amebakiza miezi michache, na kwamba mtu haachi shamba likiwa limetoa maua. Wachuka alikuwa akimtumia kifurushi kila mwezi, majani ya chai, sabuni, sukari kidogo, kwa mkono wa dereva wa lori tuliyemjua kanisani. Na mimi, chini ya majani ya chai, niliingiza magazeti. Sikumwambia mwandishi ni nani. Nilitaka asome, astaajabu, halafu siku moja ajue kwamba baba yake si mwalimu wa Darasa la Tano tu.

Mwanzoni mwa Julai Waisraeli walishuka Entebbe, wakachukua watu wao waliokuwa mateka na kuacha ndege za Uganda zikiungua. Nilikaa na redio kwenye mapaja siku nzima ya Jumapili, kanisa sikwenda. Alhamisi ya tarehe nane makala yangu ilitoka, kali kuliko zote. Nilisema mtu wa Kampala sasa ni jogoo aliyenyonyolewa, na kwamba huu ndio wakati wa kumpiga. Nilisema mwenye kuogopa akakae jikoni.

Lori la yule dereva wa kanisani lilikuwa limepita siku iyo hiyo asubuhi. Gazeti lilikuwa ndani, wino ungali mbichi.

Jumamosi mchana Watiri, jirani yetu aliyekuwa akileta nyanya kutoka Kagio, alipita nyumbani. Nilikuwa nje nikisahihisha madaftari. Tayari redio ilikuwa imeanza kusema kwamba Wakenya walioko Uganda wanakamatwa, wengine wanauawa, kwa sababu ndege za Waisraeli zilitiwa mafuta Nairobi. Tulikuwa na hofu, lakini ilikuwa hofu ya kila mzazi. Watiri aliweka kikapu chini na kunipa mkono.

"Mwalimu, hongera. Lakini hiyo kijana yako iko na roho ya simba."

"Kijana gani?"

"Si ni Peterson. Ati mtu anaandika maneno kama haya akiwa huko huko ndani? Mimi ningekufa."

Akatoa gazeti la Alhamisi, lililokuwa limefunika nyanya, akaweka kidole penye jina.

"Si hii ni jina yake? Kihara wa Kahiga. Wewe ni Kahiga. Mtoto ya kwanza ni ya babu yake. Ama kuna Kihara wa Kahiga ingine hapa Ruring'u, mimi siijui?"

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Mimi ni wa kwanza. Niliitwa Kahiga kwa sababu babu yangu aliitwa Kahiga. Ndiyo maana baba yangu alikuwa Kihara wa Kahiga. Na mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mazishi ya mzee, alipewa jina la mzee, na baba yake ni mimi. Kila mtoto wa huku hujua jambo hilo kabla ya kujua kufunga vifungo. Mimi nilikuwa nalijua pia, ila tulimzoea kwa jina la ubatizo, Peterson, na nilipotaka kumbembeleza nilimwita Baba. Katika karatasi za chuo, hata hivyo, jina lililoandikwa lilikuwa Kihara Kahiga. Nililiandika mwenyewe.

Nilijificha nyuma ya marehemu, na hapo nyuma ya marehemu alikuwa amesimama mwanangu.

Sikumbuki Watiri aliondoka vipi. Nakumbuka niliingia jikoni, nikamweleza Wachuka yote, kuanzia Moffat mpaka majani ya chai. Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Umemtumia magazeti mangapi?"

"Yote."

"Na jina lake liko kwa kila moja."

"Ndiyo."

Aliweka kisu chini, akasema kwa sauti ndogo, "Umemuua mtoto wangu na kalamu." Halafu akavaa kitambaa, akaenda kanisani, na mimi nikabaki na viazi.

Niliwahi kuogopa kule Burma. Hofu ile huja na kelele na huondoka na kelele. Hii ya sasa nililala nayo, nikaamka nayo. Shuleni niliandika hesabu ubaoni, nikasahau jibu mbele ya watoto arobaini. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilidhani limeleta habari. Nilianza kuwachukia watu walionisifu. Mwalimu mkuu, asiyejua lolote, aliniambia wakati wa chai ya saa nne kwamba huyu Kihara wa Gazeti anajua mambo, na kwamba nchi inahitaji watu kama yeye. Niliacha chai yangu mezani, nikarudi darasani.

Jumatatu nilipanga foleni posta ya Nyeri na wazazi wengine. Karani alisema laini ya Kampala haishiki, lakini telegramu huenda ikafika. Nilisimama na ile fomu mkononi muda mrefu. Ningeandika nini? Kusema achome magazeti kungekuwa kumkamatisha kwa mkono wangu. Niliandika: NYANYA YAKO MGONJWA SANA RUDI UPESI. Mahali pa jina la mpokeaji niliandika Peterson, karani akanirudishia.

"Jina kamili, mzee. Huko hawapeani telegramu na nusu jina."

Wenye foleni nyuma yangu walianza kuguna. Nikaandika Kihara Kahiga. Kwa mwandiko wangu, kwa herufi kubwa, nikalipeleka Kampala tena. Mpaka leo sijui kilichowaleta ni gazeti au ni karatasi ile.

Jumatano nilimwendea Moffat. Alikuwa na wino mpaka kwenye viwiko, mtu mwema, mwenye kucheka ovyo. Nilimwambia kesho achapishe kwamba Kihara wa Kahiga ni jina la marehemu, na kwamba mwandishi ni mwalimu mzee wa hapa Nyeri ambaye hajawahi kukanyaga Uganda. Aliacha kucheka. Alifikiri, halafu akasema pole pole, "Wakijua mwandishi ni wewe, wataacha mtoto wako? Watafurahi zaidi. Na kazi yako je? Mwezi huu huu watakufuta. Ngoja kwanza, Mwalimu. Kwa mwoga huenda kicheko."

Alisema hivyo kunifariji. Mimi nilikubali, na nilikubali upesi mno. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Peterson, lakini nilipokuwa nikishuka ngazi za duka lile nilijua kwamba nusu ya moyo wangu ilishukuru kwa ajili ya mshahara. Nayasema kwa sababu ni kweli. Mimi niliyewaambia watu waoga wakakae jikoni niliogopa barua ya kufutwa kazi.

Siku kumi zikapita. Redio ilisema watu wanavuka mpaka kwa miguu, wanapita kwenye vinamasi na mashamba ya miwa. Wachuka alikuwa akipika sahani moja zaidi kila jioni na kuifunika. Hakuniambia neno lililozidi "chakula" na "funga mlango".

Jumamosi tarehe ishirini na nne, kama saa tatu asubuhi, nilimwona mtu anapanda njia ya nyumbani kwetu akichechemea. Alikuwa amevaa viatu visivyolingana. Wachuka alimjua kabla yangu. Alitupa debe la maji, akakimbia, akamkumbatia wakaanguka wote wawili kwenye majani, naye akawa anamshika kichwa, mabega, vidole, kama anayekagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Mimi nilisimama pale mlangoni nikalia bila aibu. Majirani walikuja, Watiri akaleta nyanya, mtu akachinja jogoo. Kwa saa mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nchi hii.

Watu walipoondoka Peterson aliomba tukae ndani na mlango ufungwe. Aliongea akitazama sakafu.

Alisema chumbani kwake walikuwa wawili, yeye na kijana wa Embu aitwaye Njue. Tulimjua Njue kwa barua. Ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu. Ijumaa ile, tarehe kumi na sita, Njue alikuwa na malaria, na kwa kuwa kitanda chake kilikuwa dirishani penye baridi, Peterson alimpa kitanda chake alale. Yeye akaenda bafuni, mwisho wa korido, kufua mashati yao. Watu watatu wakaja, wenye suti. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi.

"Karatasi gani?" niliuliza.

"Sikuiona, Baba. Nilisikia tu wakiuliza, Kihara Kahiga ni nani. Halafu wakainua godoro, wakakuta yale magazeti. Nilikuwa nimeyaweka yote. Njue alikuwa anapenda kunisomea kwa sauti, tunacheka. Alikuwa anasema huyu mzee wa jina yako anajua kutukana."

Wachuka alifunika uso.

"Walimpiga hapo hapo kitandani. Akawaambia, mimi si Kihara. Mimi ni Njue. Njue wa Embu, ulizeni mtu yeyote. Wakasema kitanda ni ya Kihara na magazeti ni ya Kihara. Wakamburuta. Alisema hivyo korido yote mpaka kwa ngazi. Mimi ni Njue. Mimi ni Njue. Alipita hapo nje ya mlango wa bafu."

"Na wewe?"

Aligeuza viganja vyake, akaviangalia.

"Nilifungua maji kwa nguvu," alisema.

Hakuna aliyemlaumu. Ningemlaumu vipi? Nilimwambia asitoke nje ya boma, asimwandikie mtu, asimtajie yeyote habari za Njue. Nilisema wapelelezi wako kila mahali, wa kwao na wa kwetu, na kwamba Njue huenda ameachiliwa walipogundua kosa lao. Niliongea kama gazeti. Peterson alinitazama mara moja tu, nikaona ameitambua sauti ya mwandishi, akarudisha macho sakafuni. Moffat aliponitumia ujumbe kwamba wasomaji wanauliza Jicho la Askari limekwenda wapi, nilimjibu kwamba limepofuka.

Tulikaa hivyo wiki mbili na zaidi. Shule zikafungwa. Peterson alikula vizuri, lakini hakuweza kunawa mikono mfereji ukiwa wazi. Wachuka alimmiminia kwa kikombe. Kila asubuhi nilijiambia kwamba leo nitapanda gari niende Embu nikatafute watu wa Njue. Kila mchana nilipata sababu.

Jumanne ya tarehe kumi Agosti mama mmoja alikuja akiuliza nyumba ya Mwalimu Kahiga. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta ya shule ya mtoto wake na viatu vya Jumapili, na alikuwa ametoka Runyenjes, kule Embu, tangu alfajiri. Alisema anaitwa Mbeti, mama yake Njue. Wachuka alimkalisha, akamwekea chai. Peterson alikuwa chumba cha pili, na nilimwona kupitia pazia akisimama.

"Vijana wengine wamerudi," alisema Mbeti. "Wakaniambia mtoto yangu alikuwa analala chumba moja na yako. Wakaniambia pia baba ya Peterson ni mwalimu, amepigana Burma, anajua mambo ya majeshi. Nikasema nitaenda kwa huyo. Mimi sijui kitu, Mwalimu. Wewe unajua. Wakishika mtu, wanamweka siku ngapi? Watarudisha?"

Alikuwa akinitazama kwa imani kamili. Sijatazamwa hivyo na mtu yeyote, wala wanafunzi wangu.

Nikafungua mdomo, na maneno yakaja yenyewe. Nilimwambia kwamba nchi zote mbili zimekubali kuzungumza. Nilimwambia kwamba Kampala haina petroli, na asiye na petroli hutafuta urafiki, kwa hiyo wafungwa huachiliwa kwanza, ndiyo kawaida ya majeshi. Nilimwambia kijana mwanafunzi hana thamani kwao, watachoka kumlisha. Mbeti alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, midomo ikinifuata, ili aende akawaambie wengine nyumbani vile vile. Nilikuwa nikiendelea. Nilikuwa hata naona raha kidogo, Mungu anisamehe.

"Baba, wacha," alisema Peterson.

Alikuwa ameshika pazia. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama yule, akamwambia yote. Alimwambia jina lililotafutwa lilikuwa lake. Alimwambia kitanda kilikuwa chake. Alimwambia aliyeandika gazeti ni mimi. Hakuficha bafu, wala mashati, wala maji. Aliongea kwa sauti moja, bila kupumzika, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na mikono juu ya magoti.

Nilingoja Mbeti apige kelele. Nilitamani anitemee mate. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi, halafu akamgeukia Peterson.

"Alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alikuwa anasema jina yake."

"Alisema kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana. Mpaka nje."

Mbeti aliinamisha kichwa, akapitisha mkono juu ya sweta, akiilainisha mahali ambapo haikuwa na kikunjo.

"Basi alijua uko hapo karibu," alisema. "Na hakuwaonyesha."